Tangawizi ya Eliwaza

Kila Jumamosi, Eliwaza alikuwa wa kwanza kushika jembe nyumbani kwao Myamba. Alikuwa darasa la sita, na kazi haikumtisha hata kidogo. Kaka yake Rogath akiwa bado anapiga miayo, yeye tayari jasho linamtiririka.

Mwaka huo baba yao, Aminiel, alimkabidhi kipande cha kupanda tangawizi, kule juu mlima ulikoporomoka miaka michache iliyopita. Ikistawi, kipande kingekuwa chake. Ikishindikana, pangeachwa paote majani. Alimwonya pia asichimbe, akwaruze tu juujuu. Kukwaruza! Eliwaza aliona hiyo ni kazi ya wavivu. Baba alipoteremka, alijifunga kibwebwe, akachimba kwenda chini kama walivyozoea kuchimba shamba la bondeni, mpaka jembe likagonga mawe.

Tangawizi ilichipua, kisha ikageuka njano na kudumaa. Baba aliitazama, akatikisa kichwa. Mbegu walipewa na jirani yao, Mama Maua, na sasa baba akasema anakwenda kumweleza kwamba amewapa mbegu mbovu.

Eliwaza aliona aibu. Akinyamaza, huenda baba angempa mbegu nyingine na kipande kikaja kuwa chake. Lakini Mama Maua alizichagua mbegu zile moja moja kwa mikono yake. Kwa nini abebeshwe lawama?

"Baba, mbegu hazina kosa," alisema. "Nilichimba sana. Nilitaka uone nilivyo hodari."

Baba hakugomba. Alimpeleka kwenye ukingo uliokatwa na maji ya mvua. Juu palikuwa na udongo mweusi, unene wa kidole tu. Chini yake mawe yanayomeguka, basi. Kule bondeni, chini ya udongo mweusi kuna mwekundu, mzito, wa kwenda chini sana.

"Maporomoko yaliuchukua udongo wa zamani; huu wa hapa umeanza juzi tu," alisema baba. "Mwamba unapasuka, majani yanaoza juu yake, na rutuba inaongezeka polepole. Hiyo kidogo iliyokuwepo umeifukia chini ya mawe."

Basi wakabeba samadi, wakatandaza majani makavu, wakapanda matete kuzuia maji. Eliwaza alitokwa jasho kuliko siku ile aliyochimba. Wiki chache baadaye, tangawizi ileile ilitoa machipukizi mapya ya kijani.

"Ungenyamaza," baba alimwambia, "ningegombana na jirani bure, nikaleta mbegu nyingine, nazo zingekufa hapahapa. Bidii unayo, mwanangu. Ila bidii bila kusikiliza inaharibu, na kosa lisilosemwa halitengenezeki. Kipande ni chako."