Ndoo za Majivu

Asubuhi za Juni mjini Sumbawanga hazina huruma. Fransiska, mwanafunzi wa darasa la sita, alijifunga khanga mbili mabegani, akatoka uani kuwasha jiko la mkaa. Kwenye mlango wa mwisho, rafiki yake Sayi alikuwa tayari amechutama akipepea jiko lao, machozi yakimtoka kwa moshi.

"Mambo, Sayi?"

"Poa. Nimeganda tu."

Nyumba ile ilikuwa ya Bibi Gaudiosa, mjane aliyeishi peke yake chumba cha mbele. Wapangaji wake walikuwa Fransiska na wazazi wake. Fundi baiskeli Christopha na mkewe na watoto wao wawili. Na tangu Januari, familia ya Sayi. Hao walikuwa watu tisa katika vyumba viwili, Wasukuma waliopanda kutoka Milepa, kule bondeni, baada ya ng'ombe wao kufa kwa ukame.

Wiki hiyo Mwalimu Nestory alifundisha juu ya kukua kwa miji. Mkaa ukiungua, alisema, hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo ikizidi angani dunia hupata joto na mvua hupoteza majira yake. "Kila mmoja achunguze nyumbani kwake," aliagiza. "Watu wakiongezeka, hewa ukaa inaongezekaje?"

Fransiska hakupenda kazi ndefu. Alihesabu watu, basi. Akaandika: "Mwaka jana tulikuwa wanane. Sasa tuko kumi na saba. Walioongeza hewa ukaa ni familia ya Sayi." Akaliacha daftari barazani, akakimbilia kucheza rede.

Bibi Gaudiosa akaliokota, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno. Jioni alimwita Mama Sayi.

"Hata watoto wa shule wameona," alisema. "Mmejaza watu, mmejaza moshi. Ukuta wangu umekuwa mweusi. Jumamosi mhame."

"Bibi, na baridi hii niende wapi na watoto?"

"Mji ni mkubwa."

Fransiska alisikia yote. Alimkimbilia mama yake, Rhoda.

"Mama, mwambie Bibi asiwafukuze! Ni mimi niliyeandika!"

"Nyumba ni yake, mwanangu. Na sisi ni wapangaji. Leo wao, kesho sisi."

Baba naye alijibu yale yale. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Sayi aliacha kumsubiri asubuhi waende shule pamoja. Hilo lilimuuma Fransiska kuliko tusi lolote.

Ijumaa ilikuwa zamu yake kumwaga majivu chooni ili kupunguza harufu. Kila familia ilikuwa na ndoo yake mlangoni. Aliinua ya kwao, imejaa. Aliinua ya akina Sayi, haikufika hata nusu. Watu tisa! Kisha akakumbuka kwamba wao hupika chungu kimoja, wakala sinia moja, na moto ukazimwa. Kwao watu watatu tu, lakini chai jiko lake, maharage jiko lake, maji ya kuoga jiko lake. Na ndoo ya Bibi Gaudiosa? Ilikuwa ikimwagika, maana jiko lake liliwaka kutwa nzima kupasha mifupa yake joto.

Fransiska hakumwaga hata ndoo moja. Lakini mtoto amwambie nini mtu mzima?

Jumamosi guta la kukodi likafika. Alipoona godoro la Sayi likipakiwa, alimwendea Bibi Gaudiosa barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nisamehe. Kwenye daftari nilikosea. Nilihesabu vichwa, sikuhesabu majivu. Naomba uje uone ndoo."

Bibi Gaudiosa alinyanyuka akinung'unika, akapita mlango kwa mlango. Alipofika kwenye ndoo yake aliinama, akagusa majivu yaliyomwagika. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Baba yake Sayi akakaza kamba ya mwisho, na Fransiska akalia mbele ya watu wote. Alijua hana la kufanya tena.

Mlango ukafunguka. Bibi alitoka amebeba jiko lake kwa kitambaa, akaliweka mlangoni kwa Mama Sayi.

"Shusheni vitu," alisema. "Kumbe nyani haoni kundule. Humu nilizaa watoto sita, tukala kwa jiko moja. Sasa kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake, na mimi nakoka moto peke yangu. Mama Sayi, kama utanisamehe, niwe naota moto kwako. Maharage tubandike pamoja."

"Karibu, Bibi," alijibu Mama Sayi, akijifuta macho.

Wakati huo lori lililosheheni magunia ya mkaa likapita barabarani, na jingine nyuma yake.

"Bibi, haya malori yatapungua lini?" Fransiska aliuliza.

"Sijui, mjukuu wangu. Watu watakuja tu. Mji haufungwi kwa komeo. Na malori yale, mimi na wewe hatuna nguvu ya kuyasimamisha. Lakini siku nyingine ukitaka kujua nani anaichafua hewa, usianze na vichwa vya wenzako. Anza na ndoo ya mlangoni kwako."

Fransiska akaenda kumsaidia Sayi kushusha godoro.