Jina Aliloliandika Laurian

Diski ilikuwa juu ya meza, haina waya, haina umeme, imeshachomolewa kwenye laptop, na bado ilikuwa inazunguka.

Mtu mwenye akili zake angeiacha pale akatoka mbio. Laurian yeye aliiinua, akaiweka sikioni, akacheka. "Kaidi kweli hii!" Ndani yake kulisikika mkwaruzo, kama ukucha kwenye sufuria tupu. Akaiviringisha kwenye kitambaa, akaitupa drooni, akachukua diski mpya na bisibisi, akaendelea na kazi. Huyo ndiye Laurian, fundi kompyuta wa Lusahunga, mwenye kibanda kando ya barabara yanapoegeshwa malori, na nyumba yake nyuma ya kibanda hichohicho. Ufundi aliujua. Kuogopa hakujua, na kufunga mdomo ndiyo kabisa.

Laptop ile aliletewa asubuhi na mama mmoja mrefu, aliyesema anaitwa Véronique na ametokea Murusagamba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na barabara ya huko ni tope tupu, lakini miguu ya mama yule ilikuwa mikavu. Laurian akamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikiwa. Harufu ikaingia kibandani pamoja na mgeni, ile ya shimo la kuivishia ndizi za pombe linapofunuliwa, utamu na moshi na udongo.

"Toa diski iliyomo, uweke mpya," mama akasema. "Usafishe kila kitu."

"Kazi ndogo hiyo, mama. Naweka diski, napiga windo, hiyo Windows mpya, unakuja kuchukua mali yako."

"Na mashine ikiuliza ni nani atakayekuwa humo, utaandika jina la nani?"

Laurian akacheka. Mafundi wengine huandika lolote ili wapite hapo. Yeye alikuwa na lake. "La binti yangu, Nice. Kompyuta zote za Lusahunga nimeziandika hilo. Ndiyo alama yangu."

"Zuri," mama akasema. "Nitakuja mwenyewe kuchukua."

Jamani, mdomo huponza kichwa! Maana jina hilo lilikuwa limefichwa. Jovina, mke wa Laurian, alizika watoto wawili kabla ya huyu. Alipojifungua tena, mama yake, Bibi Domisiana, alikuja kutoka Kirushya, akamlaza kichanga kwenye kipande cha gunia, akamwita Kifusi. Ndivyo wazee walivyomfanyia mwanamke aliyefiwa mno: mtoto alipewa jina baya, ili kifo kikipita mlangoni kione takataka, kiendelee na safari yake. Nice lilibaki jina la ubatizo, la padri na la mama, na hata mama alilitamka kwa kunong'ona. Mtoto akaishi, akakua, akaanza shule. Laurian akasema huo ni ushamba, kisha akaenda kuliandika jina la mwanawe kwenye kila mashine aliyoletewa, mtu na akili zake.

Basi mchana ule windo likaingia bila tatizo. Mashine ikauliza jina. Laurian akaandika *Nice*, akabonyeza.

Nyuma ya nyumba sahani ikaanguka.

"Baba Kifusi!" Jovina alikuwa anaita. "Baba Kifusi, njoo umwone mtoto!"

Nice alikuwa ameketi kwenye tope kando ya beseni la vyombo, macho wazi, mikono imelegea. Hakuwa na homa. Alikuwa wa baridi kama mtungi. Wakambeba hadi kitandani. Jovina akampangusa uso, akaita jina baya na jina zuri, hakuna jibu. Laurian akakimbilia kibandani kuchukua simu, na kwa mazoea tu akaifunika laptop.

"Amefumba macho!" Jovina akapiga kelele kutoka chumbani. "Ee Mungu wangu, hapumui!"

Laurian akaifunua.

"Amefumbua! Anapumua!"

Akasimama pale, mkono juu ya mfuniko. Sijui ni shetani gani humtuma mtu ahakikishe jambo la namna hiyo kwa mwanawe mwenyewe, lakini aliifunika tena, akasikia mkewe akilia, akaifunua, akasikia mkewe akishukuru. Na sasa aliisikia feni ya laptop ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, sawasawa na kifua cha mtoto upande wa pili wa ukuta, na drooni ile diski ya zamani ilikuwa inakwaruza kitambaa kama kitu kilichochoka kukaa ndani, na ile harufu ya shimo la ndizi haikuwa inatoka mlangoni tena, ilikuwa inatoka chumbani, kinywani mwa Nice.

Bibi Domisiana alipigiwa simu, akafika kwa bodaboda jioni, ameloa chapachapa, rozari shingoni. Alinusa mlangoni tu, akaketi chini.

"Nani amemtajia jina?" akauliza.

Laurian akaeleza yote, macho ameyatupa sakafuni. Jovina alimwangalia mumewe kama mtu asiyemfahamu.

"Hilo ni jini linalokusanya watu," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Halivunji mlango. Linauliza jina, linapewa. Umeliandikia la mtoto, mtoto yumo. Sasa sikiliza, baba. Safisha tena mashine hiyo. Ikiuliza, andika lako. Ukiingia wewe, yeye atatoka."

"Na mimi, mama, nitatoka lini?"

"Hutatoka."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Jovina hakumsihi mumewe, hakumkataza. Alimshika mtoto mkono tu, akangoja.

"Sawa, mama," Laurian akasema. "Nitaandika."

Akaingia kibandani peke yake, akachomeka flashi, akafuta kila kitu, akapiga windo upya. Swali likaja. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na ya pili, akahisi baridi ikimpanda kutoka vidoleni hadi viwikoni, akazifuta. Hapo ujanja ukamjia. Mwoga hakosi ujanja! Kwani lazima liwe jina la mtu? Akaandika *Mteja*. Hakuna binadamu anayeitwa Mteja. Akabonyeza.

Chumbani mtoto akakohoa, akaketi, akasema ana njaa.

Jovina alicheka na kulia pamoja. Akampa uji, mtoto akaunywa wote. Laurian akaja kusimama mlangoni.

"Umeandika lako?" Bibi Domisiana akamwuliza. "Mbona bado uko hapa?"

"Nimeandika. Labda limenihurumia."

Bibi akamtazama, kisha akamgeukia mtoto. "Kifusi."

Mtoto alikuwa analamba kijiko.

"Nice," mama yake akanong'ona. Halafu kwa nguvu, "Nice! Nice, mwanangu!"

Hakugeuka. Hakuwa kiziwi, maana mlango wa kibanda ulipogongwa aliinua kichwa mara moja.

"Hodi," sauti ikasema. "Mteja!"

"Abee, mama," mtoto akaitika.

Akashuka kitandani. Jovina akamkumbatia, bibi akamdaka mguu, lakini aliwapita kama moshi unavyopita kwenye nyasi za paa, na mikono yao ikabaki inanuka ndizi. Mama mrefu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, miguu mikavu, laptop iko kwapani tayari.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ngoja!" Laurian akapiga kelele. "Nipe hiyo mashine! Naandika langu, naandika sasa hivi!"

"Uliulizwa," mama akasema, akamshika mtoto mkono. Wakapita katikati ya malori, na mvua haikumlowesha hata mmoja wao.

Laurian akaivuta droo. Ndani ya kitambaa diski ilikuwa imetulia, ya baridi, chuma tu.

Jovina alirudi Kirushya na mama yake kesho yake. Laurian bado yuko Lusahunga. Mpelekee kompyuta, atakubadilishia diski, atakupigia windo, kazi yake safi. Lakini utaikuta imeandikwa jina lake yeye, kamili, pamoja na la baba yake. Kila mashine analiandika, anabonyeza, anafumba macho, anangoja. Hakuna anayelitaka.