Nyota za Bwana Mkubwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mizuho alipiga magoti mbele ya tangi la kioo sebuleni na kumlisha Bwana Mkubwa. Huyo alikuwa samaki wa dhahabu wa babu yake: mwekundu, mnene, hana pezi mgongoni, na kichwa kimejaa manundu. Mji wao, Yamato-Koriyama, ni wa wafugaji wa samaki. Mtu akimwamkia samaki wake kabla ya mkewe hakuna anayeshangaa.

Asubuhi hiyo Mizuho alikisogelea kioo. Mkiani mwa Bwana Mkubwa palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi. Jana vilikuwa mashavuni tu.

"Umeziona nyota?" Babu Tatsuo akauliza, akitoka jikoni na bakuli la supu. "Bwana harusi wangu kapamba mashavu!"

Majira ya maua yakifika, samaki dume hutoa vipele vyeupe mashavuni kuonyesha kwamba yuko tayari kutafuta mke. Wafugaji huviita nyota. Lakini Babu alikuwa na mtoto wa jicho na alisubiri kupasuliwa. Aliona weupe tu, wala hakujua ulikuwa umefika wapi.

"Jumapili Mzee Kuwabara analeta jike lake," akaendelea kwa furaha. "Na mtoto wa kwanza atakayetoka mzuri ni wako, mjukuu wangu. Mbona kimya? Umemeza ulimi?"

"Hapana, Babu. Nachelewa shule."

Donge la wali alilofungiwa na Babu lilirudi nyumbani zima. Mizuho hakuweza kula, kwa maana alijua vile vidoa vimetoka wapi.

Kwenye sikukuu ya maua alikuwa amecheza mchezo wa kuchota samaki kwa kichoteo cha karatasi. Kabla karatasi haijachanika alipata samaki mmoja mdogo. Sheria ya Babu ilijulikana nyumba nzima: samaki mgeni hukaa peke yake kwenye ndoo majuma mawili. Mizuho alimficha wake chumbani, ndani ya chupa ya jemu. Mchana samaki akaanza kutweta juu ya maji. Mizuho akamwonea huruma, akamtia tangini nyuma ya majani, apate hewa kidogo. Hapo ndipo alipoona vidoa vyeupe kwenye mapezi yake. Akamrudisha chupani upesi, na kesho yake yule mdogo alikuwa amekufa. Alimzika bustanini, akafyata mdomo.

"Si umwambie tu babu yako?" rafiki yake Kanade alimuuliza njiani.

"Nimwambie nini? Kashawatangazia wafugaji wenzake wote. Kila jioni anaimba bafuni!"

"Basi subiri, labda vitapona vyenyewe."

Havikupona. Viliongezeka, na Bwana Mkubwa akaanza kujisugua kwenye mawe. "Ana papara huyo!" Babu alisema akicheka. Kila alipocheka, Mizuho aliondoka sebuleni. Kusema aliogopa, kunyamaza kulimtesa, na nyumba yenyewe aliiona imekuwa ndogo kama ile chupa ya jemu.

Jumapili ikafika.

"Hodi wenyewe! Bibi harusi huyu hapa!" Mzee Kuwabara alivua viatu mlangoni, akaingia na ndoo ameikumbatia kwa mikono miwili. "Mahari nitadai baadaye!"

"Mtie, mtie, tumechoka kusubiri!" Babu akasema.

Mzee Kuwabara aliinua ndoo juu ya tangi. Mizuho akaona jike zuri jeupe likizunguka humo, halina habari. Akaruka na kuishika ndoo.

"Usimtie! Si nyota, ni ugonjwa! Nimeuleta mimi!"

Akasema yote kwa pumzi moja: kichoteo, chupa, majani, kaburi la bustanini. Mzee Kuwabara aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Tatsuo," akasema taratibu, "nyota hazioti mkiani." Akaitoa ndoo yake hadi mlangoni.

Babu alikaa chini. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Ulijua, ukaniacha nicheke?"

Mizuho akaangua kilio.

"Utalia baadaye. Lete chumvi na mzani. Na unawe mikono."

Walifyonza uchafu wa chini kwa mpira wa maji na kubadilisha sehemu ya maji, wakitia mengine yenye joto lile lile. Walipima chumvi kwa kadiri ya maji ya tangi. Waliongeza joto pole pole, wakaacha mashine ya hewa itoe mapovu usiku na mchana. Baada ya siku chache vidoa vikatoweka.

"Amepona! Tuache?" Mizuho akauliza.

"Thubutu! Wadudu wa ugonjwa huu hawakufa, wameanguka chini na wanazaana katikati ya mawe. Dawa huwapata wakitoka kutafuta samaki mwingine. Tukiacha leo, watarudi jeshi zima."

Wakaendelea, na kila siku Mizuho ndiye aliyefyonza chini ya tangi. Mwishowe mkia wa Bwana Mkubwa ukawa safi, mgongo safi. Mashavuni tu vilibaki vipele vichache, vimejipanga vizuri. Mzee Kuwabara alivitazama sana.

"Hizi sasa ni nyota," akasema, akaenda kuchukua ndoo yake aliyoiacha mlangoni.

Babu akamwita Mizuho karibu. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ulimtia yule mdogo humu kwa huruma. Ungeniambia, ningekukaripia, yakaisha. Kunyamaza kwako ndiko kulikotaka kuua samaki wangu, jike la mwenzangu, na urafiki wetu pia. Ukikosa, niambie siku hiyo hiyo, hata ukinikuta naimba. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu." Mizuho akasita. "Babu, liko jingine."

"Lipi tena?"

"Ile chupa ilikuwa na jemu yako ya machungwa. Niliimwaga."

"Yote?"

"Yote."

Mzee Kuwabara, aliyekuwa amerudi na ndoo, alicheka mpaka maji ya ndoo yakamlowesha soksi. Babu naye akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka. Mizuho akavuta pumzi ndefu, kisha akaenda jikoni kutafuta chakula.