Shangazi Kasikia Vingine

Kila siku akitoka shule, Chapchap alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha akashika pasi na kunyoosha nguo zilizokwisha kushonwa. Wenzake wa darasa la saba ndio waliompa jina hilo, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuandika. Aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Shangazi hakusikia vizuri, na mwaka huo hali ilizidi. Siku moja mteja alimwambia, "Fundi, naomba unirekebishie pindo."

"Pendo?" Shangazi akasimamisha cherehani. "Mwanangu, mapenzi yako nitayarekebishaje na cherehani?"

Chapchap alicheka hadi machozi yakamtoka. Alichukua simu kuukuu aliyopewa na shangazi kwa ajili ya masomo, akakiandika kisa hicho kwenye blogu aliyofundishwa kufungua na mwalimu wa kompyuta. Kwa miezi mitatu blogu ile ilikuwa na wasomaji wanne, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Kisa cha pindo kilisambazwa mitandaoni, kikasomwa na watu mia sita.

Mia sita! Tangu hapo kazi yake ikawa kutega sikio. Mteja alitaka kola, shangazi akasikia kulala, kisa kikaandikwa. Shangazi asipokosea, Chapchap alimsaidia akosee: aliugeukia ukuta, akaongea chinichini makusudi.

Chini ya kisa cha tano, muuguzi mmoja aliandika: "Je, sikio linatoa usaha? Mpeleke hospitali upesi, asije akawa kiziwi kabisa."

Lilikuwa linatoa usaha. Chapchap ndiye aliyefua foronya za shangazi, na madoa aliyaona. Lakini maoni yale yaliharibu utani. Akayafuta.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, wasichana wawili waliingia dukani, mmoja akiwa ameinua simu kurekodi. Mwenzake akafungua na kufunga mdomo bila kutoa sauti yoyote.

Shangazi alimtazama, akatabasamu kwa aibu. "Sawa, mwanangu. Ijumaa itakuwa tayari."

Wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka. Chapchap, pasi mkononi, akacheka pia.

"Kumbe hajui!" mmoja akasema, akafungua blogu na kumsogezea shangazi simu. "Mama, wewe ni maarufu!"

Shangazi alivaa miwani. Akasoma kisa cha kwanza, cha pili, akaendelea mpaka cha kumi na moja. Wasichana walirudishiwa simu yao, wakatoka bila kuaga.

"Unaandika vizuri," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, nayo ikamuuma Chapchap kuliko kofi. "Mwezi huu wateja wameongezeka. Nikadhani ni mshono wangu."

"Shangazi, kuna muuguzi aliandika upelekwe hospitali. Nilifuta."

"Ulifuata nini?"

"Nilifuta!"

"Sikusikii, mwanangu."

Ilibidi apige kelele. Alilisema kosa lake mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, mpaka muuza vyombo wa duka la pili akachungulia mlangoni.

Siku hiyohiyo walikwenda hospitali. Daktari wa masikio alisafisha, akachunguza kwa taa. "La kulia tutalitibu," alisema. "La kushoto limeharibika ndani."

"Kama tungekuja wiki tatu zilizopita?" Chapchap aliuliza.

Daktari hakumficha. "Pengine lingepona."

Sikio la kulia lilipopata nafuu, Chapchap aliomba ruhusa ya kuandika tena. Shangazi aliketi kando yake, akakubali sentensi moja baada ya nyingine. Chapchap aliandika alivyomcheka mlezi wake, alivyofuta maoni, na dalili za ugonjwa wa masikio ambazo daktari alimweleza. Wengi walikasirika. "Tunataka vichekesho!" waliandika. Wengine walimtukana, wengine wakaondoka.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa dereva mmoja wa lori. Alikuwa akimtilia mtoto wake mafuta ya kupikia kwenye sikio lenye usaha. Aliposoma blogu akampeleka hospitali, akaambiwa amewahi. "Asante wewe na shangazi yako," alimalizia.

Chapchap alimsomea shangazi ujumbe huo upande wa kulia.

"Mtoto wa watu atasikia," shangazi alisema taratibu. "Hiyo ndiyo faida ya kuandika, mwanangu. Unachokijua wewe kinamfikia mtu usiyemjua, kinamfaa. Lakini ukitaka kuandika habari za mtu, mwulize kwanza. Na anayekwambia ukweli usimfute, hata kama mia sita wanacheka."

"Umenisamehe, shangazi?"

Shangazi aliweka mkasi mezani, akamtazama.

"Nimekusamehe. Na sikio halirudi. Yote mawili uyajue."