Sekunde Arobaini za Eunike

Uliiona. Usijitetee kwamba bando lilikuwa limekwisha. Uliiona video ya yule dada fundi simu wa Arusha akimsifia diwani, sekunde arobaini tu, ukasema "hawa nao wameshanunuliwa," ukasogeza kidole juu ukatafuta kichekesho. Hukujiuliza kwa nini sehemu yake imeisha mdomo ukiwa wazi. Mdomo wa mtu uko wazi, meno yanaonekana, neno liko njiani, na wewe umeshaondoka. Basi leo kaa. Utasikia neno lililokuwa njiani, na utasikia pia habari ya mapenzi iliyokuwa pembeni yake, maana wewe bila mapenzi husomi kitu.

Jina lake ni Eunike Mbise, Mmeru wa Poli. Kwa miaka tisa amekaa Kona ya Mafundi, nyuma ya soko, ambako mafundi simu ishirini na watatu wamepanga meza zao chini ya mabati. Asubuhi ile ya Jumanne alivaa sketi ya kitenge cha kijani, sweta jeusi, na aproni ya jinzi aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko saba ya bisibisi. Kioo cha kukuzia alikuwa amekipandisha kwenye paji la uso. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, baridi ya Julai inang'ata vidole, na hewa ilinuka moshi wa kuchomelea pamoja na mtaro.

Mtaro ule. Kampeni ya kwanza, diwani wao, Mheshimiwa Hans, alikuja akala nao mahindi ya kuchoma, akaahidi kuufunika na kujenga choo. Kampeni ya pili akaahidi tena, kwa maneno yaleyale, hata kikohozi alikikohoa palepale. Hadi leo mwanamke wa Kona ya Mafundi akibanwa, anavuka barabara kwenda kumbembeleza mlinzi wa duka la saruji amfungulie mlango wa uani. Sasa mheshimiwa alikuwa amekuja na jambo jipya: televisheni kubwa kama ukuta wa kanisa, wananchi watazame mpira na hotuba. Na nguzo zake zilipangwa kuchimbiwa wapi? Palepale penye meza za mafundi.

Kijana mmoja mrefu akasimama mbele ya meza ya Eunike. Shati la bluu lililonyooshwa vizuri, suruali ya jinzi, bangili ya shanga mkononi, raba nyeupe ambazo vumbi la Kisongo lilikuwa limeshazishinda. Mkono mmoja ulishika kipaza sauti cha televisheni ya mtandaoni, zile za chumba kimoja, simu tatu na makelele. Mkono wa pili ulishika simu iliyokufa.

"Habari ya kazi, dada. Simu ya kazi imezima, na saa nne nina mtu wa kumhoji."

"Nzuri. Imezima yenyewe, au imechoka kuwasikiliza waheshimiwa?"

"Umejuaje ninakofanya kazi?"

"Nembo ya kipaza sauti chako ni kubwa kuliko kichwa."

Akacheka, akavuta kigoda bila kukaribishwa. Jina lake Lerionka, amepanga Lemara, kwao Kisongo. Eunike akashusha kioo, akachungulia tundu la chaji, akaingiza sindano, akatoa kitu cheusi.

"Kaka, mfukoni unaweka simu pamoja na ugoro?"

"Ugoro ni wa babu."

"Babu anaazima suruali yako?"

Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Lerionka akaona aibu, akabadili habari. "Televisheni yetu huwa unaitazama?"

"Televisheni nimeacha. Nikitazama nasikia kichefuchefu. Taarifa ya habari, robo saa ya kwanza mtu mnene anakata utepe wa kisima. Kisima hakina maji. Halafu kijana kama wewe anamsogelea bibi wa watu: 'Mama, unajisikiaje?' Anajisikiaje! Ana kiu."

"Na simu je? Si ndizo zinazokulisha?"

"Zinanilisha, na kinyaa zinanitia vilevile. Juzi mama mmoja kaniletea yake, imejaa. Kanionyesha mwenyewe: picha mia nne za maua za kumtakia asubuhi njema. Namuuliza, nani kakupigia wiki hii? Hakuna. Tumeshika simu mpaka kitandani, na watu hatupigiani."

Lerionka alisahau saa nne yake. "Sema hivyohivyo kwenye kamera. Kuhusu ile skrini ya diwani."

"Mtairusha?"

"Tutairusha."

Eunike akasema kwa dakika tatu. Lakini jua jambo moja kuhusu watu wa mlima ule. Mtu huku haanzi na lalamiko. Hata akienda kushtaki ng'ombe aliyekula migomba yake, kwanza atamshukuru Mungu kwa uzima, atawashukuru wazee kwa kuketi, atamshukuru hata mwenye ng'ombe kwa kufika. Shukrani ni hodi. Ukiingia bila hodi, nani atakusikiliza? Kwa hiyo Eunike akabisha hodi: "Kwanza namshukuru Mungu. Pili nimshukuru mheshimiwa diwani kwa kutukumbuka sisi mafundi. Televisheni ni kitu kizuri, maendeleo hakuna anayeyakataa..." Ndipo akasema lakini, na yaliyofuata yalikuwa moto mtupu.

Jioni simu yake iliita.

"Fundi, umekula?"

"Nani mwenzangu?"

"Mtu wa ugoro."

Wakaanza hivyo. Jumapili baada ya ibada wakala loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwa mama mmoja karibu na soko, yeye Eunike kavaa gauni la rangi ya udongo na hereni ndogo, Lerionka akimtazama mpaka maziwa yakamdondokea shatini.

"Nyie Wameru mnapenda ndizi mpaka mnataka kuzioa."

"Na nyie Wamasai ng'ombe mnampa jina zuri, mwanamke mnamwita 'wewe'."

"Sijakuita 'wewe'. Nakuita fundi. Ila nataka kubadilisha."

"Kuwa nani?"

Alijibu kwa simu, akiwa amefika Lemara, ambako ni rahisi kuwa jasiri. "Nataka kukuita mpenzi."

"Mtandao unakatakata, sikusikii."

"Haukatikati. Unaona aibu tu."

"Rudia basi, huenda umetulia."

Akarudia, na Eunike, chumbani kwake Daraja Mbili, akaziba simu kwa kanga ili mpangaji mwenzake asimsikie anavyocheka. Wiki ya tatu walikuwa wanazungumzia siku ya Lerionka kwenda Poli kumwamkia mama.

Sasa sikia mapenzi yalivyotiwa uchafu. Ijumaa ya wiki hiyo ya tatu, bosi wa Lerionka, mwanamke aitwaye Kandida, alitoa agizo bila kuinua macho kwenye kioo cha simu yake: "Nipe sekunde arobaini za mwanzo za kila fundi uliyemhoji. Watu hawasikilizi zaidi ya hapo." Mafundi aliowahoji walikuwa kumi na mmoja. Lerionka akahesabu arobaini, akakata. Akahesabu arobaini, akakata. Kila mmoja wao alikuwa ameanza kwa shukrani, kama alivyolelewa. Hakusikiliza tena hata mmoja. Alikata kama anayemenya ndizi huku mawazo yakiwa kwingine, na mawazo yenyewe yalikuwa kwa Eunike, ndiyo aibu yake hiyo. Akaunganisha, akatuma. Kisha akafuta rekodi zote, kwa kuwa simu ya kazi ilijaa, na ofisini kwao ndivyo wanavyofanya habari ikishatumwa.

Jumamosi ikatoka: MAFUNDI WAMPONGEZA DIWANI, SKRINI IJE HATA KESHO. Wa kwanza kuonekana alikuwa Eunike. Mchana huohuo barua ikabandikwa kwenye nguzo ya mabati: meza ziondolewe hadi Jumatatu asubuhi, "kwa kuwa mafundi wenyewe wameridhia."

"Shikamoo, mzee," Eunike alimwamkia Thomasi, fundi mkongwe kuliko wote pale, aliyemfundisha kushika sindano.

"Marahaba, mama mheshimiwa," Thomasi akasema, akageuza meza yake ikampa mgongo.

Eunike akapiga simu.

"Mpenzi, nilikuwa nakuja ku..."

"Usiniite hivyo. Nani alikata?"

"Niliambiwa sekunde arobaini."

"Nimekuuliza nani."

"Mimi."

"Iliyobaki iko wapi?"

"Nilifuta. Huwa tunafuta."

"Huwa mnafuta! Lerionka, miaka tisa nafungua simu za watu, sijawahi kufuta hata picha ya paka bila kumuuliza mwenyewe. Walikutuma kwangu siku ile, sivyo? Simu mbovu, kucheka kwako, loshoro, vyote ulitumwa?"

"Sikutumwa, Eunike! Sikujua kilichomo, sikusi..."

"Hukusikiliza. Haya. Ungekuwa umehongwa ningejua nakutukana vipi."

Akakata, akaifungia namba yake. Hata hivyo bado aliamini ametongozwa kwa kazi, na hakuna kitu kinachonuka kama hicho. Jumapili hakwenda kanisani. Alikaa kitandani akiisugua aproni doa ambalo halikuwepo.

Jumatatu lori likaja na nguzo. Mheshimiwa Hans akashuka na suti ya rangi ya maziwa, leso puani kwa ajili ya mtaro aliouahidi kuufunika. Akaamuru video ichezwe kwenye spika. Sauti ya Eunike ikapaa juu ya mabati: "...nimshukuru mheshimiwa diwani kwa kutukumbuka..."

"Mmemsikia binti yetu?"

Eunike akanyoosha mkono.

"Shusha, binti. Wewe umeshasema, tena vizuri sana."

Watu wakacheka. Waliokuwa wanafukuzwa nao wakacheka! Ndivyo tulivyofundishwa: mheshimiwa akitania, cheka, hata kama mzaha wenyewe ni juu ya kichwa chako.

Lerionka alikuwa pale kikazi, simu yake imesimama kwenye miguu mitatu ya chuma. Akaiacha inarekodi, akashika kile kipaza sauti chenye nembo kubwa, akakichomeka kwenye spika za mheshimiwa.

"Mimi ndiye niliyemkata huyu dada."

Mama muuza chai akashtuka. "Kijana! Hata hujashukuru?"

"Sishukuru, mama. Shukrani zake ndizo zinazomfukuza hapa." Akamgeukia diwani. "Baada ya kushukuru alisema hivi: 'Lakini mheshimiwa, choo kwanza. Hapa tuko wanawake saba, tunashinda na kiu toka asubuhi, hatunywi maji ili tusibanwe. Rachel aliyekuwa anakaa meza ile ameugua njia ya mkojo mara tatu, akaacha kazi. Samahani, kioo kinanidondoka. Tunataka meza zetu zibaki, mtaro ufunikwe, choo kijengwe. Hiyo televisheni ipelekeni uwanja wa mpira kwenye nafasi. Hapa mnataka tutazame juu ili tusitazame chini tulipokanyaga.'"

Eunike alikuwa amesimama mkono bado uko nusu hewani. Hayo yalikuwa maneno yake yote, kwa mpangilio wake, hadi kile kioo kilichomdondoka. Mtu aliyetumwa kuchukua sekunde arobaini hahifadhi moyoni dakika mbili zisizo na kazi. Siku ile ya kwanza, kwa hiyo, alikuwa anasikiliza kweli. Kichwa kilisikiliza Jumanne. Ijumaa mkono ukakata wenyewe, kama ofisini walivyouzoeza.

"Ushahidi uko wapi?" diwani akauliza.

"Nilifuta."

"Basi, tuendelee na..."

"Binti," Thomasi akamkatiza, bila kumtazama diwani. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema, mzee. Na nasema tena."

Thomasi akachukua kigoda chake, akakiweka juu ya alama ya chokaa walipotaka kuchimba, akaketi. Mama muuza chai akamfuata na birika lake. Wanawake saba, kisha wengine. Dereva wa lori alisubiri amri, haikuja, akazima injini. Mheshimiwa akajifuta shingo kwa leso ileile ya puani, akatangaza kwamba suala hili atalifikisha kwenye kikao cha baraza Alhamisi, akapanda gari akafunga vioo.

Kabla vumbi halijatua, habari zilishamfikia Kandida, akampigia Lerionka. Mazungumzo yake yalikuwa mafupi kuliko sekunde arobaini.

Lerionka akaja mezani kwa Eunike mikono mitupu.

"Nimefukuzwa."

"Nimesikia. Usidhani nitakuhurumia."

"Sidhani. Ulichoniambia kwenye simu nakistahili, hicho cha kutosikiliza. Kile cha kutumwa hapana. Simu ilizima kweli. Hata ugoro ulikuwa wangu."

Eunike alitaka kubaki amenuna. Kicheko kikamponyoka puani. "Nilijua. Babu gani anavaa jinzi."

"Nitume wazee Poli?"

"Kwenu mna wazee wanaosikiliza mpaka mwisho? Mama yangu akianza kuongea ni saa mbili."

"Nitawaambia waje wameshiba."

"Waje." Akamshika mkono, ule uliokata, akaubana mpaka ukauma. "Ila baada ya Alhamisi. Siendi kwenye ndoa nikiwa mtu aliyefukuzwa mahali pake. Wakituondoa hapa, sina cha kuingia nacho kwako ila hasira."

Ukumbini mwa madiwani kuna viti vya wananchi, vya plastiki, mstari wa nyuma. Sheria inasema ni vyenu. Vinakaa vitupu kikao baada ya kikao, buibui wametandaza nyumba kwenye miguu yake, na waheshimiwa hupitisha mambo huku wakiangalia viti hivyo na kutabasamu, kwa sababu wanajua ulipo: umelala kifudifudi, unatazama. Mafundi ishirini na watatu, mama muuza chai na kijana mmoja asiye na kazi hawatoshi kuvijaza.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Usitume alama ya moyo, usitume mikono ya kuomba. Kama uko mbali na Arusha, mji wako nao una baraza, na baraza hilo nalo lina mstari wa nyuma. Zima hiyo simu sasa hivi, vaa viatu, nenda ukaketi.