Mstari Ambao Sikuuandika

"Mstari huu umeuandika wewe?"

Bosi aliuonyesha ukutani, mkubwa, watu saba tunautazama.

"Ndiyo, bosi."

"Haya, waeleze wenzako."

Ndugu zangu… ule mstari nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza maishani!

Mimi ni mtu wa programu za kompyuta. Kampuni yetu ilitengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi hospitalini, na kazi yangu ilikuwa kurekebisha makosa yake. Muuguzi kapangwa wodi mbili saa ileile, natafuta kwa nini. Mwenzangu wa meza ya pili akipata kosa, anapiga meza kwa furaha. Mimi nilikuwa napiga miayo. Miaka minne, jamani, kutafuta koma iliyokaa vibaya.

Tulipoambiwa tufanyie kazi nyumbani, ndiyo nikaharibika kabisa. Asubuhi nafungua kompyuta, naiacha mezani, narudi kitandani. Cha ajabu, makosa yalikuwa yanaisha. Nikadhani mwenzangu ananionea huruma, nikauchuna.

Sasa bosi katuita ofisini, eti niwafundishe wengine ninavyofanya.

"Na hapa pembeni umeandika nini?" akauliza, kisha akasoma. "Panavuta hapa. Fumua kuanzia begani."

Watu wakacheka. Mimi nikaloa jasho. Maneno hayo nayasikia nyumbani kila siku… mke wangu ni fundi cherehani.

Nikaomba kwenda msalani. Nikampigia.

"Umegusa kompyuta yangu?"

Cherehani ikanyamaza.

"Miezi mitatu sasa," akasema. "Kila siku unalalamika inakuchosha. Nikataka nione kinachokuchosha. Nikasoma vitabu vyako vya chuo, nikaanza kujaribu…"

"Umeniponza! Wananiuliza mstari wako mbele ya watu. Nafukuzwa, mama watoto. Tutakula nini?"

"Wameuliza mstari upi?"

Nikamtajia. Akaanza kunieleza, na sauti yake ilikuwa na raha ambayo sijawahi kuisikia. Anacheka mwenyewe. Nikamwambia arudie. Akarudia. Sikuambulia kitu.

Nikarudi, nikabwabwaja nilichokumbuka. Bosi akauliza swali moja tu zaidi, nikakwama. Niliwaza watoto, nikamuwaza mama yangu anayenitegemea kwa dawa, nikaona dunia imenifungia mlango.

Nikampigia tena mke wangu. Nikaweka simu mezani, sauti juu.

"Muulizeni yeye."

Bosi akamuuliza. Mke wangu akajibu taratibu, kama anamweleza mteja kwa nini gauni linambana. Swali la tatu, la nne… mwenzangu wa meza ya pili akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Alipomaliza, bosi akanigeukia.

"Weka kitambulisho mezani. Umeacha mtu wa nje aingie kwenye mfumo wa hospitali, na wewe umelala."

Nikakivua shingoni, nikakiweka.

Kisha akainamia simu. "Na wewe dada, ulikosea kuingia. Ila nafasi yake iko wazi. Ukitaka, njoo Jumatatu ufanyiwe usaili kama watu wengine."

"Mmemfukuza mume wangu?"

"Ndiyo."

"Basi siji."

Wakanitazama wote. Ningekaa kimya tu, ingeishia pale. Na nilitaka kukaa kimya, sitawadanganya. Roho iliniuma mno.

"Njoo," nikasema. "Mimi hapa nilishaondoka zamani."

Mlinzi akanisindikiza hadi getini, na boksi langu mkononi.

Usaili alipita. Jioni anarudi macho mekundu kwa kukodolea kompyuta, anatusimulia kosa alilolinasa, watoto wanasikiliza hadi chakula kinapoa. Mimi bado napiga miayo, na bado natafuta kazi.

Wewe unayesoma haya kazini huku umechoka, sema mapema. Miaka minne nilimwambia kila mtu kazi ile inachosha. Ilinichosha mimi. Mtu aliyeipenda nilikuwa nakula naye meza moja, na sikuwahi kumwambia hata siku moja, njoo uone ninachofanya.