Aliyeahidiwa Nyumba ya Rachida

Mkate wa kwanza kutoka tanuruni asubuhi ile ulikuwa na alama za vidole. Vidole vinne, virefu, vimezama kwenye ganda, kana kwamba mtu aliushika mlemle ndani ya moto. Rachida aliutazama, kisha akawatupia kuku. Kuku wakaukimbia.

Hakumwambia Faridah. Mdogo wake huyo alikuwa chumbani na kichanga, arobaini haijatimia, na mzazi hapewi habari za namna hiyo.

Juma lililotangulia, mwenye nyumba, Mzee Iliasi, alikuja mwenyewe hadi uani.

"Mama Rachida, unitokee mu nyumba. Kuko mufanyabiashara wa Lusangi anaitaka."

"Papa Iliasi, tulipatana mbele ya shefu: mpaka mavuno ya mupunga. Mutoto wa Faridah hajatoka hata inje. Nitamupeleka wapi?"

"Nyumba iko yangu."

"Iko yako. Lakini ni mimi niko ndani."

Siku ileile Rachida alikwenda kwa Marcellin, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, naye akasema bila kuzunguka: "Hawezi kukutosha mu nyumba mbele ya wakati. Akitaka nyumba, akupe preavi, akuonye mapema, na angojee mapatano yaishe. Ubaki." Iliasi alipofikishiwa maneno hayo hakubisha. Alicheka tu, akasema, "Atatoka yeye mwenyewe."

Basi baada ya ule mkate ikaja harufu, ya mbuzi aliyelowa mvua, imechanganyika na udi. Ikaingia kwenye unga, kwenye nguo za mtoto, kwenye nywele. Adhuhuri, mji mzima wa Kasongo umelemewa na jua, darini kukasikika mtu akiburuta mkeka, akitandika, akijilaza, akihema. Na kichanga akaacha kulia. Alikodolea macho pembe ya chumba, akawa anageuza shingo taratibu, kama anayemfuata mtu anayepita.

Alhamisi, mwadhini akiita magharibi, Rachida aliingia chumbani kuchukua beseni, akamkuta Faridah amempa mgongo, mtoto kifuani, akimbembeleza kwa wimbo wa chini usio na maneno, naye akanyoosha mkono amguse bega, amwambie aketi asije akachoka, mara kutoka uani, nyuma yake, penye moto, akasikia sauti ya Faridah mwenyewe ikimwuliza dada yake, "Yaya, mutoto ameamuka?", na mkono wake ukabaki hewani, na macho yakaanza kushuka bila yeye kutaka, kutoka kwenye lile bega hadi kwenye kiwiko, na kutoka kwenye kiwiko, mbali sana, hadi kwenye vidole vinne vilivyokuwa vikipapasa sakafu.

Kile kitu kikamlaza mtoto kitandani, kwa uangalifu. Kisha hakikuwapo.

Mwalimu Ayoubu, msomaji wa dua anayejulikana mtaani, alikuja kabla ya isha. Alisoma, akanyunyiza maji kizingitini na kwenye kila pembe. Alipofika uani, jivu la tanuri likainuka lenyewe, na sauti ikatoka mle.

"Mimi nimeitwa."

"Nani alikuita?"

"Iliasi. Alisema: watoshe watu mu nyumba, nitakupa kikao, ukae humu."

Ayoubu akamgeukia Rachida, akamnong'oneza, "Mimi siko mwenye kukaa humu, mama. Umujibu wewe."

Mlangoni Faridah alikuwa amemkumbatia mwanawe, akilia kimyakimya.

"Iliasi hana ruhusa ya kuingiza mutu humu mpaka mavuno," Rachida akasema. "Hata yeye anapiga hodi. Mwenye kukaribisha ni mimi, na wewe sikukukaribisha."

Jivu likatulia.

"Kumbe alinipa kitu haiko mu mukono wake," sauti ikasema, bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikomtia Rachida baridi. "Atanipa ingine."

Harufu ikakatika. Kichanga akapiga ukelele, akalia kama watoto wote wanavyolia. Rachida alikuwa tayari anajitanda kitenge.

"Yaya, umuache Papa Iliasi!" Faridah akamsihi. "Ni yeye aliileta!"

"Ni mutu, Faridah."

Alikimbia hadi kwa Iliasi, Ayoubu akimfuata kwa kuchechemea. Iliasi alifungua mlango, akabaki kizingitini, uso umekunjamana.

"Umekuja kunirudishia nyumba?"

"Papa, utoke. Utoke sasa hivi. Ile uliyoituma inakuja kwako."

"Sijatuma kitu, mimi."

Ndani, sauti ya mkewe ikaita kwa upole, "Baba, nani huyo? Mwambie nyumba iko na mutu."

Uso wa Iliasi ukapauka. "Bibi yangu iko ku kilio ya matanga kule Wamaza," akanong'ona, na midomo yake ikashindwa kufumba.

Rachida akamshika mkono, akavuta. Alivuta kwa nguvu zake zote. Lakini Iliasi alirudishwa nyuma kama nguo inayoanuliwa, mlango ukajifunga, na wale wawili waliobaki nje wakamsikia mwenye nyumba akianza kupiga hodi, toka ndani.